Maji Yananukia

1

Kokusima alikuwa anakuja kazini amejipulizia marashi. Hilo ndilo Nyanjura Masatu alishindwa kabisa kumsamehe, hata baada ya kujikaza na kumsamehe mengine.

Marashi yenyewe hayakuwa makali. Yalikuwa ya waridi, ya kawaida tu, na mtu mwingine yeyote pale Mamlaka ya Maji ya Busumbi angeyasikia mara moja na kuyasahau. Lakini Nyanjura alikuwa Mnusaji Mkuu kwa miaka ishirini na sita. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi aliwekewa mbele yake vibakuli kumi vya maji ya ziwa yaliyopashwa moto kidogo, akainama, akafumba macho, akavuta pumzi, na mji wa watu laki nne ukasubiri aseme neno. Akisema "fungeni", milango ya maji ilifungwa hata kama Mkurugenzi bado amelala. Kwa ajili ya pua hiyo hakula kitunguu kibichi, hakugusa pilipili, hakufukiza udi. Siku ya harusi yake mashangazi walinong'onezana ukumbini kwamba bibi harusi huyu mbona hanukii chochote. Alikuwa ameoga kwa sabuni ya mche, basi.

Halafu akaja Kokusima, binti wa Bukoba mwenye shahada mbili, akakabidhiwa kwa Nyanjura afundishwe kunusa. Siku ya kwanza aliwekewa vibakuli kumi, akataja tisa bila kukosea: hiki cha kina kirefu, hiki cha mdomo wa mto, hiki kimelala kwenye bomba la chuma. Nyanjura siku yake ya kwanza alitaja saba, na hiyo saba ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi, maana hakukuwa na aliyewahi kuifikia. Wanusaji wakapiga makofi, naye akapiga. Viganja vilimuuma mpaka jioni.

"Una pua, mwanangu," alimwambia.

"Nimejifunza kwako, mama."

Kwako wapi, na ndiyo kwanza asubuhi yake ya kwanza! Adabu ya binti yule ilimchoma kuliko ambavyo kiburi kingemchoma. Angekuwa na kiburi, Nyanjura angepata pa kumshikia.

Baada ya miezi mitatu tu ya kiangazi Kokusima alihamishiwa maabara, na huko ndiko alikowaunda walamba.

Harufu ya ziwa haikuwa ya maji. Ilikuwa ya wakazi wake wadogo wasioonekana, bakteria wa kijani ambao joto likizidi na mbolea za mashambani zikishuka na mto huzaana mpaka ghuba nzima inakuwa nzito kama mlenda. Wao ndio hutoa jiosmini, kitu ambacho chembe yake ikianguka kwenye tangi zima la maji, mtu anaisikia. Walamba nao walikuwa bakteria, lakini wa kutengenezwa, walioundwa waipende jiosmini kuliko chakula kingine chochote. Kokusima aliwafuga kwenye mapazia ya nyavu, akayatandaza kutoka rasi hadi rasi. Katika miezi minne ziwa lililonuka tangu enzi za mabibi likaacha kunuka.

Madirisha ya upande wa ziwa yaliyokuwa yamepigiliwa misumari yakafunguliwa. Maharusi wakaanza kupiga picha ufukweni. Sura ya Kokusima ikachapwa kwenye tiketi za pantoni. Chumba cha kunusia kikafungwa, wanusaji wakatawanywa ofisi nyingine, na vile vibakuli vya kaure ambavyo Nyanjura hakuruhusu hata mfagizi avishike vikapelekwa kantini. Vikatiwa chumvi na pilipili.

Yeye mwenyewe walimvika kilemba cha ukoka. Walimwita Mshauri wa Kumbukumbu, wakampa meza karibu na gati na droo tatu za kufungia. Siku aliyopokea barua alikwenda kantini, akaagiza kachumbari sahani nzima, akaila huku machozi yanamtoka. Waliomwona walidhani ni vitunguu.

2

Alhamisi hii ilikuwa siku ya kuzima mkaa.

Tangu zamani maji ya Busumbi yalipitishwa kwenye matangi ya mkaa yaliyofyonza harufu. Sasa ziwa halinuki, mkaa wa nini? Saa sita kamili mchana maji yangeachwa yatoke ziwani moja kwa moja, yamulikwe na taa ya zambarau inayoua vijidudu, kisha yaende majumbani. Kokusima angekunywa bilauri ya kwanza mbele ya umati. Baada yake wangekunywa wanafunzi mia tatu wa kwaya, ambao tangu saa tatu walikuwa wamepangwa uwanjani, kila mmoja na kikombe cha bati shingoni.

Nyanjura alitoka kwenda gatini ili asiwasikie wakifanya mazoezi ya wimbo wenye jina la Kokusima ndani yake. Ndipo aliposikia harufu ya ukoko.

Alisimama. Ukoko, ule wali unaogandia chini ya sufuria. Aligeuka kutazama kantini. Jiko lilikuwa limezimwa kwa ajili ya sherehe. Harufu ilikuwa inatoka kwenye mapazia.

Alishawahi kuisikia mara chache, hafifu, na hakumwambia mtu. Walamba wakila kidogo hawatoi harufu yoyote. Wakishiba ndipo hutoa ule ukoko, na leo ulikuwa wa sufuria iliyosahaulika jikoni. Maana yake upande wa pili wa pazia kulikuwa na jiosmini tele, na walamba walikuwa wanailamba yote kabla haijafika puani mwa mtu. Chini ya gati maji yalikuwa na utando mwembamba wa kijani. Pembeni mwa pazia bata watatu walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Akaogopa, na papo hapo akafurahi, na furaha ndiyo iliyomtisha zaidi. Ni pua inayosema, au ni kijicho? Akafanya alichowafundisha wanafunzi wake wote. Alizika pua kwenye kiwiko chake, akainusa ngozi yake mwenyewe mpaka pua ikapumzika, kisha akanusa tena. Ukoko. Akatembea hadi mwisho wa gati na kurudi. Ukoko bado.

Katika ghuba ile bakteria wa harufu hawakuwahi kuja peke yao. Nyuma yao walikuja ndugu zao wasio na harufu kabisa, wenye sumu inayoharibu ini, na daima walichelewa siku tatu au nne. Ndiyo maana Mamlaka ilipima sumu Jumatatu tu. Siku nyingine zote pua ndizo zilizosema lini kupima. Sasa pua hazipo, tangazo limelambwa, na leo ni Alhamisi. Mkaa ulifyonza sumu pamoja na harufu, lakini ile taa ya zambarau haifyonzi kitu. Inaua tu, na kijidudu chenye sumu kikifa hupasuka na kumwaga yote kiliyoibeba.

Ilikuwa saa nne na nusu.

3

Mkurugenzi Chirangi alikuwa mbele ya kioo anahangaika na tai.

"Vipimo vya Jumatatu ni safi kabisa, Bi Nyanjura."

"Leo Alhamisi, Mkurugenzi. Kuna bata wamekufa."

"Bata hufa. Walitaka waishi milele?"

"Pima tena. Dakika ishirini tu."

"Ufunguo wa maabara ni kidole cha Kokusima, na kidole cha Kokusima saa hizi kinapakwa hina." Aliiacha tai ikining'inia, akashusha sauti. "Nakuheshimu, dada yangu. Lakini hii ni mara ya nne. Mwezi wa tatu ulisema walamba watakula mayai ya samaki. Mwezi wa sita ulisema watahamia matumboni mwetu. Mwezi wa tisa sikumbuki hata ulisema nini."

Yeye alikumbuka. Mwezi wa tisa alisema kwamba ziwa lisilonuka litaleta laana, na alijionea haya neno likiwa bado mdomoni.

"Mara zile tatu nilikosea."

"Hukukosea. Ulikuwa na wivu. Mji mzima unajua, hata wauza dagaa wanajua. Mimi sikulaumu, mtu kanyang'anywa kazi ya maisha yake. Ila siwezi kuwarudisha watoto wale nyumbani kwa sababu roho ya mtu mmoja inamuuma." Akamshika bega. "Nenda kavae. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele."

Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli.

4

Kwenye droo ya chini kabisa ya meza yake kulikuwa na karatasi moja ambayo ingemwinua Kokusima hata katikati ya hina. Nyanjura alikuwa ameifungia humo miaka miwili.

Ulikuwa ukurasa wa tisa wa rasimu ya ripoti ya walamba. Kabla ya kuwaachia ziwani, Kokusima alitaka kuhakikisha kwamba akiondoa harufu haondoi onyo. Akachukua rejista zote za wanusaji, akaipa mashine izisome, akauliza: siku maji yalipoandikwa "yananuka", sumu ilifuata? Jibu likaja hapana. Siku hizo zilikuwa za matope, za samaki waliooza, za vyoo vilivyofurika. Uvundo mtupu, sumu hakuna. Na zile siku zilizoandikwa "yananukia", mashine iliziweka kwenye safu ya siku njema, na mtu yeyote anayejua Kiswahili angeziweka hapo hapo.

Mtu yeyote, isipokuwa mnusaji. Kwa sababu jiosmini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, hainuki. Inanukia. Inanukia vumbi lililopata mvua ya kwanza, na siku kama hizo wajawazito wa Busumbi walikuwa wakishuka ufukweni kusimama tu na kuvuta pumzi. Nyanjura alishikilia kwamba rejista iandikwe ukweli wa pua, si ukweli wa ofisi, kwa hiyo aliandika alichosikia: maji yananukia. Chumbani mle kila mtu alijua kinachofuata. Maji yakinuka walivumilia, yakinukia walifunga. Hawakuliandika popote, maana nani aandike jambo ambalo kila aliyemo chumbani analijua? Kokusima alikaa nao kiangazi kimoja, na kiangazi kile maji hayakunukia hata siku moja.

"Nisomee, mama," binti alisema alipoileta rasimu. "Rejista ni zako."

Nyanjura aliliona kosa mara tu alipofunua ukurasa wa tisa. Herufi moja, i. Akalizungushia duara la penseli. Akahamishia penseli pembeni aandike maelezo, na hapo ndipo alipoyasikia yale marashi ya waridi kwa mara ya kwanza. Ofisi nzima ilikuwa inanukia Kokusima. Penseli ikashuka mezani yenyewe. Alijiambia kwamba wataalamu wengine wataliona, binti ataaibika kidogo, kiasi tu, kiasi cha kushuka kutoka tisa hadi saba. Akauchomoa ukurasa ule, akamrudishia mengine, akasema ameisoma yote na hana la kuongeza. Kokusima aliuchapa upya ukurasa uliopotea na wala hakuuliza umekwenda wapi. Wataalamu wengine hawakuwahi kuketi katika chumba kile, na hawakuona kitu.

Sasa angeweza kuichana karatasi ile. Angeweza pia kuketi mstari wa mbele na kusubiri. Kesho kutwa watu wangeanza kutapika, wiki ijayo tiketi za pantoni zingechapwa upya bila sura ya mtu, na yeye angesema niliwaambia. Aliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri. Lilikuwa tamu. Kisha nje kwaya ikarudia ubeti ule wenye jina la Kokusima, sauti nyembamba, na katikati ya sauti akasikia vikombe vya bati vikigongana. Alivua viatu, akashika karatasi, akakimbia.

5

Kokusima alikuwa kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, gauni jeupe, mikono ameinyoosha mbele hina ikauke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nusa."

"Ninuse nini?"

"Huko nje. Mapazia."

Kokusima alikwenda dirishani, akavuta pumzi kwa heshima, mara mbili. "Sisikii kitu."

Na kweli hakusikia. Alikuwa amekaa na walamba maabara tangu walipokuwa tone moja kwenye kisahani, na ukoko wao kwake ulikuwa hewa. Pua iliyotaja tisa ilikuwa imezoea. Siku nyingine yoyote Nyanjura angelala usingizi mtamu kwa habari hiyo.

"Mama," Kokusima alisema taratibu, "umekuja mara tatu mwaka huu. Mara zote nilipima. Leo kuna watu elfu mbili nje."

Nyanjura aliiweka karatasi mezani.

Kokusima aliinama juu yake. "Nukia ni siku njema."

"Kwenye kitabu chako. Kwetu siku hiyo tulifunga milango. Soma tarehe moja moja, halafu ongeza siku nne."

Kokusima alizijua siku za sumu kwa kichwa. Midomo yake ilianza kucheza, ikaenda, ikaenda, ikasimama. Kidole chake kilikuwa kimeacha alama ya hina juu ya duara la penseli.

"Duara hili la nani?"

"Langu."

"La lini?"

"La siku uliyoniletea."

Nyanjura alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja. Kokusima alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina na mgeni asiyemjua.

"Kwa nini, mama?"

Njiani alikuwa ametunga majibu mengi, mengine mazuri. Yote yalimkimbia.

"Ulitaja tisa," alisema. "Mimi nilitaja saba."

Kokusima alitoka mbio kuelekea maabara, na mlango ulipoikataa hina akakifuta kidole kwenye gauni jeupe, akakifuta tena, mpaka kufuli likamtambua. Walisimama wawili juu ya kikaratasi cha kupimia sumu. Kipimo kinahitaji dakika ishirini. Kabla ya dakika ya saba kilikuwa chekundu.

6

Saa sita kasoro dakika tano Kokusima alipanda jukwaani na gauni lenye madoa, mikono mitupu. Bilauri ilibaki mezani. Alimnong'oneza Mkurugenzi, na tai ya Mkurugenzi ikaonekana kumbana. Kisha akashika maikrofoni.

"Ndugu zangu, leo hatunywi. Mkaa hauzimwi. Nimeagiza mapazia yapandishwe sasa hivi, ili ziwa liweze kutuonya tena." Minong'ono ilianza, akaisubiri ipungue. "Ziwa lina sumu, na walamba wangu waliificha dalili yake. Mimi nilisoma vibaya neno moja kwenye rejista. Kosa ni langu, langu peke yangu."

Halafu mama mmoja muuza dagaa akapiga makofi, wa pili akamfuata, na ghafla uwanja mzima ulikuwa umesimama. "Msema kweli!" watu walipaza sauti. "Huyo ndiye msomi!" Vigelegele vikapanda, watoto wakagonga vikombe. Hawakuwahi kumshangilia hivyo hata siku ziwa lilipoacha kunuka.

Nyanjura alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti alichowekewa. Jina lake halikutajwa. Kokusima hakuwa hata anamtazama. Angeweza kwenda nyumbani akiwa Mshauri wa Kumbukumbu, mama wa heshima zake, na karatasi ile ingezikwa na wao wawili. Badala ya kushukuru, roho ilimuuma upya, palepale pa siku zote. Hata hili? Kosa alilolitunza miaka miwili, akalilalia, akaliamkia, binti anakuja kulichukua kwa dakika moja na kupigiwa vigelegele?

Alipanda jukwaani, viatu bado mkononi.

"Nipe," alisema.

"Kaa, mama. Nimeshamaliza."

"Nipe. Hilo ni langu."

Akaichukua maikrofoni na kuwaeleza watu kuanzia kibakuli cha kwanza. Aliwaeleza ile tisa na ile saba, marashi, penseli, droo. Hakutafuta maneno ya kujisitiri. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama muuza dagaa alikuwa amefunika mdomo kwa khanga, na Mkurugenzi alikuwa anatazama sakafu ya jukwaa.

Kule ziwani pazia la mwisho lilikuwa linapanda, linachuruzika maji. Wanawake wawili wenye mimba, walioketi kivulini karibu na kwaya, waliinua nyuso kwa pamoja. Nyanjura alivuta pumzi, lakini alikuwa amelia na pua ilikuwa imeziba.

Kokusima ndiye aliyesikia kwanza.

"Yananukia, mama," alisema polepole. "Hivi ndivyo yalivyokuwa?"

"Kama nini?"

"Kama mvua imenyesha mahali."

Chini ya jukwaa fundi wa milango ya ziwa alikuwa amesimama na redio mkononi, anamtazama Nyanjura usoni kama zamani, anasubiri lile neno. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwachia mtu alitamke. Hata alipougua malaria alibebwa hadi chumbani ili alitamke mwenyewe. Sasa alilisikia limefika kwenye ulimi, na kulimeza kulimuuma kuliko yote aliyoyasema mbele ya watu.

Akamrudishia Kokusima maikrofoni.

"Wewe ndiye uliyesikia," alisema. "Sema."

"Fungeni," akasema Kokusima, na milango ikafungwa.